Tulivyoihama nyumba ya Suna

Swali tulilolisikia sana lilikuwa moja: nyumba inayoingia maji kila masika, mnaililia nini? Aliuliza shangazi, wakauliza wenzangu wa kazini, akauliza hata dereva wa kirikuu aliyekuja kubeba kabati. Wala hawakuwa na ubaya. Bonde la Msimbazi, hapa Dar es Salaam, wao wanalijua kwenye taarifa ya habari: watu wamekaa juu ya bati, magodoro yanaelea, Barabara ya Morogoro imefungwa pale Jangwani na mabasi ya mwendokasi yamesimama. Anayetazama kwa mbali hivyo huona kuhamishwa ni kuokolewa, na mtu aliyeokolewa atalia vipi?

Mimi nimezaliwa bondeni, Magomeni Suna, na mama yangu ameishi pale tangu ujana wake hadi alipovuka miaka sitini. Nilikuwa naye siku ya uthamini wa fidia, siku ya kubomoa, na usiku wa kwanza ugenini. Naandika kwa sababu najua familia nyingi ziko kwenye njia hiyohiyo: walio ndani ya hifadhi ya barabara, waliopitiwa na reli, waliopakana na viwanja vya ndege, na sisi wa mabondeni. Wenye wazazi watu wazima ndio ninaowafikiria zaidi.

Kwanza nyumba yenyewe. Baba alikuwa mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki. Katikati ya miaka ya 1980 alinunua kipande cha ardhi kwa mzee mmoja wa Kizaramo aliyekuwa akilima mpunga na mchicha kandokando ya mto, na karatasi ya mauziano wakaiandika mbele ya balozi wa nyumba kumi. Akajenga nyumba ya Kiswahili kama zilivyo nyingi za Magomeni: kibaraza mbele, korido katikati, vyumba vitatu huku na vitatu huku, nyuma uani na jiko, choo na bafu. Vyumba viwili vya mbele walikaa wapangaji, na kodi yao ndiyo iliyotusomesha kiwanda kilipoanza kuyumba. Uani palikuwa na mwembe. Vitovu vyetu, watoto wote wanne, vimezikwa chini yake.

Mafuriko ya kwanza ninayoyakumbuka ni ya mvua za El Niño, mwaka 1997 kuingia 1998. Yalipopita, baba alijaza kifusi vyumba vyote na kumwaga sakafu mpya juu ya ile ya zamani. Sakafu ikapanda, milango ikabidi ikatwe chini ili ifunguke. Baada ya mafuriko ya Desemba 2011 akajaza tena, milango ikakatwa tena, na mlango wa mbele akaujengea kiukuta cha kuruka, kimo cha goti. Mgeni akiingia alishangaa madirisha yako chini, karibu usawa wa mapaja. Ndani kila chumba kilikuwa na nusu dari ya mbao, ya kupandishia vitu. Cherehani ya mama ilikuwa na kamba yake ya kuivutia juu, na hakuna aliyeruhusiwa kuitumia kamba ile kuanikia nguo.

Kwenye ukuta wa korido baba alichora mstari kwa rangi ya mafuta kila maji yalipofika, na pembeni akaandika mwaka. 1998. 2011. 2014. Wa 2018 aliuchora kaka, maana baba alishafariki. Kila Ramadhani mama alipaka nyumba chokaa, na fundi alijua kuiruka sehemu ile.

Hapa ndipo jibu la lile swali lilipo, na imenichukua muda kulipata. Watu wanadhani tabu za nyumba hupunguza mapenzi. Kwetu zilizidisha. Kila maji yalipokuja tuliiokoa nyumba ile kwa mikono yetu, na hauwezi kukiokoa kitu miaka yote hiyo halafu kikawa tofali na bati tu. Desemba 2011, siku chache baada ya nchi kutimiza miaka 50 ya Uhuru, maji yalitukuta usingizini. Watu zaidi ya 40 walifariki jijini katika mafuriko yale. Sisi tulipanda juu ya bati na wapangaji wetu, mama ameubana msahafu kifuani ndani ya mfuko wa nailoni, jirani anatupokeza watoto wake mmoja mmoja kutoka upande wa pili wa ukuta. Maji yalipoondoka lilibaki tope la kufika magotini. Nyumba zilisafishwa kwa zamu: mtaa mzima unaingia kwa huyu, mkimaliza mnahamia kwa yule, wanaume na makoleo, wanawake na ndoo, watoto na makopo. Wiki nzima hakuna aliyepika peke yake. Ukiniuliza nyumba yetu ilijengwa lini, siwezi kukujibu 1986 tu. Ilijengwa na wakati ule pia.

Kuna jambo jingine ambalo mama hakulisema hadi tulipoanza kuhangaika na fidia. Yeye ni Mndengereko wa Rufiji. Alikuwa mtoto mdogo serikali ilipowahamisha watu kutoka bonde la Mto Rufiji baada ya mafuriko makubwa, mwaka 1968 kuingia 1969, wakapandishwa kwenye vijiji vya ujamaa vya juu. Operesheni Rufiji, ndivyo ilivyoitwa. Kule juu ardhi ni ya mchanga. Bondeni, maji yakishuka, huacha udongo mweusi ambao mtu anapanda mahindi bila kusubiri mvua, kilimo wanachokiita mlau. Kwa hiyo bibi aliendelea kushuka bondeni kila msimu, analala kwenye dungu, kibanda kilichoinuliwa juu ya nguzo, analinda shamba lake dhidi ya nguruwe na nyani. Nyumba aliyopewa kijijini aliishi humo zaidi ya miaka thelathini. Mama anasema bibi alipokuwa akisimulia ndoto zake asubuhi, zote zilitokea bondeni. Hakuwahi kuota yuko kijijini.

"Kwa hiyo mimi najua," mama alituambia. "Msinidanganye kwamba nitazoea mara moja."

Serikali ilipokuja na Mradi wa Bonde la Msimbazi, kwa mkopo wa Benki ya Dunia pamoja na fedha kutoka Hispania na Uholanzi, tulielezwa kwenye mkutano wa mtaa: mto utachimbwa na kupanuliwa, Jangwani patajengwa daraja la juu zaidi, na sehemu kubwa ya bonde itageuzwa bustani ya jiji. Naliandika hili bila kinyongo. Mto Msimbazi unatoka milima ya Pugu, unakatisha jiji zima hadi baharini pale Daraja la Selander, na njiani unazoa mchanga wa vilima vilivyokatwa miti na taka za mitaa yote. Kina chake kilikuwa kikijaa mchanga mbele ya macho yetu. Nimeona watoto wakitolewa majini, siwezi kusema tungebaki. Mama naye alilijua hilo. Ila mtu anaweza kujua kabisa kwamba lazima aondoke, na bado moyo ukamuuma vilevile, na walio karibu naye wanamkosea wanapoanza kubishana naye kwa hesabu za mvua. Hakuwa akibisha kuhusu mvua.

Siku ya uthamini walikuja vijana wapole na madaftari. Wakapima vyumba, wakahesabu madirisha, wakaandika choo, bafu, karo, mwembe mmoja. Mwisho mwenye nyumba hupigwa picha mbele ya nyumba yake, ameshika kibao chenye namba ya jengo. Mama aliwaomba wasubiri. Aliingia ndani, akatoka amevaa gauni lake la Idi na mtandio, akasimama pale barazani wima na namba yake mkononi. Kisha akasema, "Na sasa piga nyingine bila hiki kibao, niwe na wanangu." Kijana alisita kidogo, akapiga kwa simu ya kaka. Ni picha nzuri kuliko zote tulizonazo za nyumba ile. Ukifikiwa na zamu yako, omba picha kama hiyo, na uipige nyumba ikiwa bado na mapazia.

Kipindi kigumu kuliko vyote kilikuwa kati ya uthamini na kuondoka. Hakuna anayekiongelea. Baada ya uthamini ukiongeza kitu hakilipwi, kwa hiyo hakuna anayerekebisha chochote. Bati likivuja linawekewa ndoo. Wapangaji wanaondoka mmoja mmoja. Jirani anahama leo, kesho vijana wanang'oa nondo za madirisha yake. Ilipita Ramadhani bila chokaa, ya kwanza tangu niwe na akili, na hapo nilimwona mama akilia kwa mara ya kwanza, ameshika ufagio, hana cha kusema. Aliendelea kufagia uani kila alfajiri hivyohivyo. Dada yangu mkubwa alimwambia aache, nyumba inabomolewa, anajichosha bure. Mama akamjibu, "Mgonjwa anaogeshwa." Tangu siku ile tukawa tunafagia naye.

Kuhusu mahali pa kwenda, sisi watoto tulishaona kiwanja kizuri Mlandizi, kikubwa, bei ya kawaida. Mama aliuliza swali moja tu: "Nani yupo huko?" Tukakosa jibu. Alikuwa amewaona majirani waliopewa viwanja Mabwepande baada ya mafuriko ya 2011. Wapo waliotulia na kujenga, nyumba zao leo zinapendeza. Wapo pia waliorudi bondeni, kwa sababu riziki yao ilikuwa Kariakoo na nauli iliimaliza kabla haijafika nyumbani, na kwa sababu walitawanyishwa, kila mmoja kati ya watu asiowajua. Mama akachagua Chanika, kiwanja kidogo karibu nusu ya kile cha Mlandizi, kwa sababu shoga yake wa ukuta kwa ukuta, aliyetupokeza wanawe siku ile ya mafuriko, mwanawe alikuwa amemjengea huko. Nyumba zao sasa zinatenganishwa na viwanja vichache. Kwa maoni yangu huo ndio uamuzi mmoja uliomponya mama, na sisi tulikuwa tunaupinga kwa sababu ya ukubwa wa kiwanja.

Tulikubaliwa kubomoa wenyewe na kuchukua mali. Ndugu walishauri mama asiwepo, apelekwe Chanika mapema, asije akapandwa na presha. Akakataa, nasi tukamheshimu, na ninashukuru. Mafundi walipopanda juu kutoa bati, yeye ndiye aliyewaelekeza kenchi ipi imeshikwa na ipi na wapi baba alificha msumari mrefu. Bati zilizokuwa nzima zikapangwa upande huu, zilizooza zikaenda kwa wanunuzi wa vyuma chakavu. Tofali za chini zilikuwa zimelowa miaka mingi, zikigongwa zinamomonyoka. Chumba chake alikiacha mwisho. Humo ndimo alimokaa eda ya baba, miezi minne na siku kumi, na humo alijifungua mdogo wangu mvua ilipozuia teksi. Aliingia peke yake, akaswali rakaa mbili, akatoka, akamwambia fundi, "Haya, baba, endelea."

Kaka alikuwa ameazima mashine ya kukatia, anataka kuutoa ukuta wa korido, ile sehemu yenye mistari ya maji, aende kuujengea Chanika. Alishaweka alama. Mama alimzuia. "Hayo maji nimeishi nayo ya kutosha. Usinipelekee maji mlimani." Kaka, mtu mzima mwenye watoto, aliondoka pale akaenda kukaa nyuma ya choo. Mistari ikabomolewa na ukuta wake. Nilijifunza pale kwamba tulichokuwa tunataka kukihifadhi sisi hakikuwa anachokihitaji yeye. Wengi wetu tunakusanya vitu kwa niaba ya mzazi bila kumuuliza, kumbe majonzi yetu tunayapitishia kwake. Wanaume hasa. Kaka alilia kwa kubomoa, kwa kubeba, kwa kubishana na madereva kuhusu bei.

Alichokitaka mama ni mlango. Mlango wa chumba chake, wa mninga, ule uliokatwa mara mbili sakafu ilipopanda. Kule Chanika fundi alitucheka kidogo, akasema mlango huu ni mfupi, nunueni mwingine. Tukamwambia hapana, ongeza. Akaunga kipande cha mbao chini, na kiungo kinaonekana wazi kwa sababu mbao mpya ni nyeupe zaidi. Vitu vingine vingi vilivyobebwa havijatumika mpaka leo. Ukihama, mwache mwenye nyumba achague kimoja au viwili kwanza, kabla ninyi hamjaanza kupakia.

Miezi ya mwanzo Chanika ilikuwa migumu kuliko nilivyotarajia. Ili kufika unapita Gongo la Mboto, unapanda Pugu, ambako ndiko Msimbazi unakoanzia, halafu unaendelea mbele. Nyumba iko kwenye mwinuko, udongo wa kichanga, mvua ikinyesha maji yanapotea hapohapo. Lakini mvua ikianza usiku mama alikuwa anaamka, anawasha taa, anapandisha viatu juu ya kitanda na mkoba wa hati juu ya kabati. Halafu anakaa kwenye kiti karibu na mlango mpaka kuche. Hamu ya chakula ilimpotea. Jirani mmoja mpya, kwa nia njema, alisema huenda amechezewa, tutafute mtu. Tulimpeleka hospitali akapimwa, presha ilikuwa juu kidogo, mengine mazima.

Wakati ule nilisoma kuhusu mtaa wa West End jijini Boston, Marekani, uliobomolewa mwishoni mwa miaka ya 1950 kupisha majengo mapya. Mwanasaikolojia Marc Fried aliwafuatilia waliohamishwa, na mwaka 1963 akaandika kwamba wengi walikuwa wakiomboleza kama mtu aliyefiwa, na baadhi waliendelea hivyo kwa muda mrefu baada ya kuhama. Nilimsomea mama kwa Kiswahili changu. Alisikiliza, akauliza kama watu wale nao walikuwa wazee. Nikamwambia wa umri wote. Kuanzia hapo tuliacha kumwambia ashukuru Mungu amepata pakavu. Alikuwa anashukuru kila swala. Tulimfanyia kama anavyofanyiwa mfiwa: mtu wa kulala naye, uji asubuhi, wageni wa kuja kukaa bila kazi maalumu, kumwacha asimulie kisa kilekile mara ya tano bila kumkatisha.

Wengine walituonya tusimrudishe Suna, atajitonesha. Aliomba mwenyewe, na tukampeleka. Palikuwa na vifusi na magugu, na mwembe ulishakatwa. Alitembea taratibu akituonyesha: hapa korido, hapa jiko, hapa ndipo alipooshwa baba yenu. Alisoma dua. Kisha akataka kupita soko la Magomeni kwa muuza samaki wake wa siku zote, wakataniana kuhusu bei, akanunua changu wawili. Njia nzima kurudi alikuwa akizungumza, na usiku ule alikula. Sidai kila mzazi atafanywa hivyo apone. Kwake, kupaona kuwa kweli pamekwisha kulikuwa bora kuliko kupafikiria.

Kilichobaki kutoka Suna, na ambacho ndicho ninachokipigania sasa, ni kikundi cha kufa na kuzikana. Kilianza zamani kabla sijaanza shule, daftari lake ameliweka shoga yake mama. Wanachama sasa wako Chanika, Kivule, Chamazi, Goba, na wawili wamerudi mikoani. Baada ya kuhama kilikaribia kufa, michango ilikwama, na msiba wa kwanza ulipotokea Chamazi waliofika walikuwa wachache, jambo lililomuuma mama kuliko hata kubomoa. Wakakutana Magomeni kwa mwanachama ambaye hakuguswa na mradi, wakakubaliana: mchango wa mwezi unatumwa kwa simu, mtunza hazina anasoma majina kwenye kundi la WhatsApp, na ukitokea msiba fedha ya kwanza kutoka ni ya kukodi Coaster ya kuzungusha wazee, kabla ya turubai na kabla ya chakula. Vijana tumeingizwa rasmi kama wanachama. Mimi naandika majina. Coaster imeshatoka mara kadhaa, na mara ya mwisho ilibidi tuongeze Hiace kwa sababu waliotaka kwenda hawakuenea kwenye gari moja.